Doa, Kinyago na Darasa: Safari ya Dhahania Kutoka Unyamwezi

Gebre Kristos Desta alirejea Addis Ababa mwaka 1962 akitokea Cologne, Ujerumani, alikosomea uchoraji. Alikuta mjini shule changa ya sanaa, iliyoanzishwa na Ale Felege Selam miaka michache tu kabla, akapewa wanafunzi. Picha zake ziliwashtua watu. Jicho la Mhabeshi lilikuwa limelelewa na kuta za makanisa, zenye watakatifu wenye macho makubwa, farasi na joka. Desta akaliwekea mbele miduara, mistari na madoa ya rangi. Mwaka 1966 akarudi Skunder Boghossian kutoka Paris, naye akapewa wanafunzi katika shule ile ile. Alifundisha miaka mitatu, lakini ilitosha. Desta alifia uhamishoni Marekani mwaka 1981, na Skunder akamalizia maisha yake huko huko, lakini hakuna anayeweza kusimulia sanaa ya kisasa ya Ethiopia akawaruka watu hao wawili.

Ukiuliza Tanzania ni mchoraji gani wa dhahania aliyegeuza sanaa ya nchi, utatajiwa majina mengi makubwa na hakuna hata moja linalojibu swali. Sam Ntiro alichora vijiji vya Kilimanjaro. Elimo Njau alichora Biblia ukutani Murang'a, Kenya, kwa sura za Kiafrika. Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama. George Lilanga alichora mashetani wenye vidole viwili au vitatu na masikio ya kupepea. Wote walichora kitu chenye jina.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba Mtanzania hapendi picha asiyoweza kusema ni ya nini. Nimeyasikia kwa walimu, kwa wauza picha na hata kwa wachoraji wenyewe, na siyakubali. Sababu ya kuyakataa iko mbali na maduka ya Dar es Salaam, iko Unyamwezi.

Msafara uliotoka Bagamoyo katikati ya karne ya 19, ukishatozwa hongo Ugogo, uliingia Mgunda Mkali, pori kavu ambalo wapagazi walilikata kwa haraka kwa kuogopa kiu. Walipotokeza upande wa pili, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kilikuwa Tura. Leo Tura ni kituo cha reli ya kati, mashariki ya Tabora, na abiria wengi hupitia hapo wamelala. Richard Burton na John Speke walipita mwezi Oktoba 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton aliwadharau watu wa nchi hii waziwazi, na mengi aliyoandika juu yao hayastahili kurudiwa. Lakini alikuwa na jicho kali, na alipozitazama kuta za nyumba za Unyamwezi aliandika kile alichokiona.

Aliona hivi. Mtu alichovya ncha za vidole katika majivu yaliyokorogwa na maji, akazigandamiza ukutani, akachovya tena, akagandamiza tena pembeni, mpaka ikatoka safu pana ya madoa yenye umbo la yai. Akitaka rangi nyingine alitumia udongo mwekundu au tope jeusi. Katika iwanza, nyumba ya wanaume, safu hizo zilipanda ukutani kama nguzo, na kando yake viganja vizima vilivyochovywa majivu viliachwa vimetanda. Mara nyingine mchoraji alijaribu mtu au nyoka. Lakini mtu na nyoka walikuwa nyongeza. Kazi yenyewe ilikuwa doa, nafasi kati ya doa na doa, na rangi tatu.

Najua atakayesema kwamba hayo ni mapambo tu, na kwamba uchoraji wa dhahania ni jambo jingine: ni mtu mmoja anayejua picha ya kitu ni nini, akaamua kuiacha. Hoja hiyo ina uzito. Fundi wa Tura hakuwa akimpinga mtu yeyote, wala hakuwa na historia ya picha za mafuta ya kuikimbia. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatosha. Wanaume wa Unyamwezi walishinda iwanza mchana kutwa, wakila pamoja, wakizungumza, wakivuta tumbaku, huku wamezungukwa na kuta zisizosimulia hadithi. Mtoto aliyekua akiingia humo alijifunza bila kufundishwa kwamba rangi na mpangilio vinaweza kutazamwa kwa ajili yavyo vyenyewe. Kusema kwamba jicho lake haliwezi kuvumilia picha isiyo na jina ni kusema jambo ambalo ushahidi unalikataa.

Ushahidi mwingine ulikuwa mizigoni. Burton alitaja aina zipatazo 400 za shanga katika biashara ya bara, na kila mfanyabiashara aliyefika Unyamwezi alijua hasara ya kukosea rangi. Samesame, zile nyekundu, ziliwahi kuitwa kivunja mji kwa jinsi zilivyowavuta wanawake. Lakini shanga iliyopendwa mwaka huu ingeweza kukataliwa mwaka ujao, na kijiji kimoja kilitaka kile ambacho jirani yake hakukigusa. Mwarabu au Mhindi aliyefika na mzigo wa rangi isiyotakiwa alibaki nao. Viwanda vya Venice na wauza jumla wa Unguja walilazimika kufuata jicho la mwanamke wa Tura. Shanga haina sura ya mtu wala ya mnyama. Ni rangi, ukubwa na mng'ao, basi, na juu ya mambo hayo matatu watu walikuwa wakali kiasi cha kutikisa biashara.

Kisha kuna kiti. Katika hazina ya makumbusho ya makabila ya Berlin, tangu mwisho wa karne ya 19, kipo kiti cha enzi cha Kinyamwezi kutoka Buruku, katika utemi wa Unyanyembe. Kina miguu iliyopinda, sehemu ya kukalia ya mviringo, na egemeo refu. Juu ya egemeo umechongwa mwili wa mtu, lakini umenyooshwa na kukondeshwa mpaka unakaribia kuwa mstari uliosimama. Mikono inateremka sambamba na kiwiliwili, na kila kisichohitajika kimeondolewa. Mchongaji alijua mwili unavyokuwa. Aliamua kubakiza wima wake tu, kwa sababu mtawala atakayeketi hapo ndiye atakayeleta nyama na damu. Hapa, tofauti na madoa ya iwanza, kuna uamuzi wa kuacha. Kiti kile ni hoja kamili juu ya umbo, na kilikuwa na warithi wa kutosha kama kingebaki mahali pa kuonekana.

Mwaka 1994 kazi za Tanzania, za Unyamwezi zikiwemo, zilikusanywa katika maonyesho makubwa yaliyoandaliwa na Jens Jahn, kwanza Berlin, kisha Munich katika jumba la Lenbachhaus. Lenbachhaus ndiyo nyumba yenye mkusanyiko mashuhuri wa picha za Wassily Kandinsky, mmoja wa waliofungua njia ya dhahania Ulaya. Kandinsky na Franz Marc walitoa kitabu chao cha Der Blaue Reiter mwaka 1912, na ndani yake, kando ya picha zao na za wenzao, waliweka picha za vinyago vya Afrika na visiwa vya Pasifiki. Mwaka huo huo wa 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora. Wachoraji wa Munich walikuwa wakifungua macho kwa umbo la Kiafrika wakati ule ule ambapo reli ilikuwa inaharakisha kuhamisha vitu na watu kutoka Unyamwezi. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa amekwisha kujilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893, na enzi iliyoagiza viti vya namna ile ilikuwa imevunjwa uti wa mgongo.

Kwa nini basi madoa ya iwanza hayakuwa uchoraji wa kisasa? Jibu langu ni kwamba ukuta wa udongo unaishi muda mfupi, na mapokeo yake yanategemea nyumba nyingine kujengwa na mtu mwingine kuchovya vidole. Unyamwezi ilipoteza nyumba zenyewe. Vita vya mtemi Mirambo na wapinzani wake vilihamisha vijiji. Ukoloni uliwapeleka vijana wa kiume, waliokuwa wenye iwanza, kwenye mashamba ya mkonge ya pwani. Operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zikahamisha tena watu na kupanga nyumba kwa mstari. Kwa jirani zao Wasukuma mapokeo ya kuchora ukutani yaliishi zaidi kwa sababu yalijificha: Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima juu ya michoro ya ndani ya nyumba za Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka. Kilichodumu ni kilichokuwa na chama, siri na mafunzo. Kilichokuwa cha wazi kwa wote kikafa kwa kukosa mwenyewe.

Hili la mwenyewe ndilo linalotenganisha Addis Ababa na Tabora, na ndilo linalotupeleka Kampala, kwa sababu kijana wa Tanganyika aliyetaka kusomea uchoraji chuoni katika miaka ya 1940 na 1950 alikwenda Makerere. Margaret Trowell aliyeanzisha mafunzo hayo aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asimwagiwe picha za Ulaya. Aliwasomea hadithi kwa sauti, akawaacha wachore walichokiona moyoni. Ntiro ni matunda ya darasa hilo. Alipelekwa shule ya sanaa ya Slade, London, mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji uliokuwa ukizungumza dhahania asubuhi na jioni, akarudi akichora vile vile: vilima vya kijani, watu wadogo wasiokuwa na nyuso za kutambulika, kazi ya pamoja shambani. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Wengine humwona mtu aliyechelewa. Mimi naona mtu aliyekataa, na aliyekuwa na haki ya kukataa. Lakini Ntiro alikuja kuwa balozi wetu London, kisha kamishna wa utamaduni, kisha mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kukataa kwake kukawa karibu sera. Taifa lililotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 lilitaka picha ambayo mkulima angejiona ndani yake, na hakuna aliyemweleza mkulima wa Unyamwezi kwamba babu yake alikuwa akichora jambo jingine.

Makerere yenyewe ilikuwa imekwisha kugeuka. Cecil Todd alichukua uongozi mwaka 1958 akaleta historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi na mazoezi ya umbo. Chini yake akaajiriwa mtu ambaye Tabora haina desturi ya kumtaja: Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935, mtoto wa afisa wa serikali ya kikoloni. Kingdon alifundisha Makerere kuanzia 1960 hadi 1973, akiwa mchoraji, mchongaji na mtaalamu wa wanyama kwa pamoja. Dunia inamjua kwa vitabu vyake vikubwa vya mamalia wa Afrika Mashariki. Wachoraji wangepaswa kumjua kwa jambo lililomshughulisha miaka mingi: nyuso za kima. Alizichora moja moja, akaonyesha jinsi ambavyo katika jamii ya kima wa msituni doa jeupe la pua, ndevu za kijivu au mkanda wa nyusi vimekuzwa na kusafishwa kizazi baada ya kizazi hadi uso umekuwa ishara, kitu cha kusomwa kwa mbali kwenye giza la majani. Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, kutenga umbo na kiumbe hakukuanza Paris wala Munich. Maumbile yenyewe hufanya hivyo, na mchoraji anayeliacha jicho, pua na mdomo na kubakiza doa anafanya kazi ya zamani kuliko binadamu.

Katika kizazi hicho cha Makerere alitoka Theresa Musoke wa Uganda, ambaye wanyama wake hutokeza nusu kutoka ndani ya rangi iliyomwagika na kurudi humo. Ndiye aliye karibu zaidi na dhahania kati ya waliopata jina, na Nairobi alikofanyia kazi miaka mingi ilifaidika naye kuliko Kampala. Kwa upande wetu Elias Jengo, aliyepitia Makerere, alifundisha walimu wa sanaa Dar es Salaam kwa miongo kadhaa na kuandika juu ya uchoraji wetu kwa bidii ambayo wachache wameifikia. Lakini mlango ulifungwa mapema. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika mwaka 1970, Idi Amin akashika nchi mwaka 1971, na darasa ambalo lingeweza kufanya kwa ukanda wote kile ambacho Desta na Skunder walikifanya Addis likatawanyika. Historia ya sanaa yetu inapenda kulaumu ladha ya watu. Ningelaumu kwanza mwaka 1971.

Wakati hayo yakitokea kwenye vyuo, dhahania ilikuwa imeingia Dar es Salaam kwa mlango wa nyuma, mikononi mwa watu wasio na cheti. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi walichonga mwanzoni kile kilichouzika: kina mama wenye mitungi, wazee wenye mikongojo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alichonga shetani wa kwanza kati ya waliofuata kwa maelfu. Simulizi inayorudiwa zaidi ni kwamba mkono wa kinyago alichokuwa akikichonga ulivunjika, naye badala ya kukitupa akakifuata kilikotaka kwenda, kiumbe wa porini mwenye viungo visivyolingana. Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago mjini, alikinunua na kumtaka alete vingine. Ukweli wa kuvunjika kwa mkono hauna umuhimu mkubwa kwangu. Muhimu ni kwamba kulikuwa na mnunuzi aliyelipa kitu kisichofanana na chochote kilichokuwapo dukani, na kulikuwa na wachongaji wengine waliokaa hatua chache kutoka kwa Samaki wakaona kimelipwa.

Shetani bado ana jicho na ziwa na sikio. Hatua ya mwisho ilikuwa mtindo uliokuja kuitwa mawingu, unaohusishwa hasa na Clements Ngala. Chukua kipande cha mawingu mkononi. Gogo la mpingo lina moyo mweusi na ganda la nje lenye rangi ya malai. Mchongaji ameacha ukanda mwembamba wa ganda uzunguke, kisha akaingia ndani kwa tezo, patasi na tupa, akatoboa mpaka mwanga unapita. Kinapinda, kinajifunga, kinajifungua. Huwezi kukitazama ukiwa umesimama upande mmoja. Lazima ukigeuze, na kila ukikigeuza kimekuwa kitu kingine. Hakina jicho. Msasa umekilainisha kiasi kwamba kidole kinakiona kabla ya jicho. Sina shaka kwamba hiki ni dhahania kwa maana kamili ya neno, na kimeuzwa barabarani Tanzania kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna mpita njia aliyekasirika.

Kilisambaa vipi? Kwa banda. Wachongaji hukaa chini pamoja, mwenye ujuzi na mwanafunzi, aghalabu wa ukoo mmoja, gogo moja likigawanywa, chombo kikiazimwa. Kijana huanza na msasa, huingia kwenye tupa, na siku moja hukabidhiwa tezo. Hakuna anayemweleza nadharia. Anaona kwamba fulani jana alitoboa hapa, leo amepindisha pale, na mnunuzi amependa. Banda lilifanya kazi ya darasa la Desta, tena bila mshahara wa serikali. Ndiyo maana nchi hii ina mamia ya wachongaji wanaoweza kuacha umbo la mtu bila kusita, na wachoraji wachache sana wanaoweza hivyo. Jengo, Ntiro na wenzao walikuwa na vyumba vya mihadhara. Wachongaji walikuwa na vivuli vya miembe, na kivuli kikawa na wahitimu wengi zaidi.

Rangi ilipopokea kitu kutoka kwa mbao, ilikuwa kwa mkono wa Lilanga. Alizaliwa Masasi mwaka 1934, akajifunza uchongaji kwao, akafika Dar es Salaam na kupata nafasi kupitia jamaa yake Augustino Malaba katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alihamisha mashetani kutoka mpingo hadi ngozi, batiki na ubao. Tazama picha zake za miaka ya mwisho kwa umbali kidogo: miili imebanana hadi ukingoni, hakuna ardhi wala mbingu, na kinachokushika ni mpigo wa njano, bluu na nyekundu. Sehemu kubwa ya uzito wa picha imo katika mpangilio huo, na mpangilio ulitoka kwenye gogo, ambamo hakuna nafasi ya kupoteza. Kama tunamtafuta mtu aliyeusogeza uchoraji wa Tanzania karibu na dhahania, huyu mchongaji ndiye, na nyuma yake yuko Samaki, ambaye hakuchora picha.

Leo wapo wachoraji wa dhahania Dar es Salaam. Nafasi Art Space, tangu mwaka 2008, imewapa vyumba vya kufanyia kazi na wenzao wa kuwatazama, na tofauti inaonekana. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Arusha kuna watalii wanaonunua. Ramani ya sanaa yetu inakwenda pwani, kusini na kaskazini, na upande wa magharibi ni tupu. Tabora ina tembe la Kwihara, lenye makumbusho ya Livingstone, ambapo mgeni anaonyeshwa wageni wenzake wa 1872; wenyeji waliokuwa wakichora kuta hawamo. Mtoto wa Tura akifundishwa sanaa shuleni, atafundishwa kuchora mtungi wenye kivuli.

Ujerumani na Tanzania sasa zinazungumza juu ya vitu vilivyochukuliwa enzi ya ukoloni, na mazungumzo hayo hudhani kwamba kitu kikirudi, kitarudi Dar es Salaam, kwenye kioo cha Makumbusho ya Taifa. Kwa kiti cha Buruku ningeomba vingine. Kirudishwe Tabora, na kabla hakijafika pawepo na nyumba ya kazi mjini hapo, yenye mwalimu mmoja anayechora na kuchonga, na vijana ishirini wanaolipwa chakula cha mchana. Kiti kikae humo humo wanamofanyia kazi, wakizunguke, wakibishane juu ya egemeo lake na mwili ule uliokondeshwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kioo chenye kengele na walinzi, na halmashauri yoyote yenye nia inaweza kuanza na chumba hicho hata kabla Berlin haijajibu.